Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kuiuza

Mwezi huu tulitaka kuandika juu ya mitihani, lakini kuna jambo limetokea katika bloku yetu, na tumeona tuwaletee hilo kwanza. Familia zenye kompyuta nyumbani zinaongezeka, mafundi ni wachache, na watu wanapoteza mali yao hivi hivi.

Mama mmoja jirani yetu, Mkongomani mwenye watoto 5, alitujia Ijumaa jioni. "Walimu, muje mutazame masini yangu, imekufa." Ni kompyuta ya mezani aliyoinunua mtumba kwa pesa ya kushona. Binti yake mkubwa huwachapia watu barua na fomu, na hiyo ndiyo inaleta sabuni na chumvi nyumbani. Lakini safari hii kulikuwa na jambo zito zaidi. Ndani ya kompyuta mlikuwa na picha ya Diplôme d'État ya binti huyo. Ile ya karatasi ilibaki Kongo siku walipokimbia. Na binti alikuwa anatayarisha maombi ya DAFI, ule msaada wa masomo ya chuo kikuu kwa wakimbizi ambao UNHCR inausimamia tangu mwaka 1992. Zilibaki siku 9.

Fundi mmoja wa senta alikuwa ameshaiangalia. Alisema madabodi imekufa, kuitengeneza ni shilingi 180,000, au yeye mwenyewe aichukue kama vyuma kwa 40,000. Mama alikuwa amekwisha kukubali hiyo 40,000. Alitaka tu tumsaidie kuibeba.

Tulimwambia, mama, tupe kesho asubuhi.

Kwanza tuelewane juu ya hilo neno "haiwaki", maana watu wanalitumia kwa magonjwa tofauti. Kuna kompyuta ambayo ukibonyeza kitufe hakuna sauti, hakuna taa, kimya kama jiwe. Kuna nyingine feni inazunguka kidogo halafu inasimama. Na kuna ile ambayo kila kitu kinanguruma ila skrini ni nyeusi. Hiyo ya tatu imewaka! Mara nyingi tatizo liko kwenye skrini, au waya wa skrini, au memori imelegea. Baba mmoja aliwahi kutuletea yake juu ya baiskeli kutoka mbali kabisa, kumbe mtoto alikuwa amezima kitufe cha skrini. Tulicheka naye, akarudi nayo.

Ya mama ilikuwa ya kimya. Kwa ugonjwa huo unaanzia ukutani, siyo ndani ya mashine. Tulichomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile, ikachaji. Tukachukua waya wa umeme wa skrini, ambao kwa kompyuta nyingi za mezani ni sawa na ule wa mashine, tukabadilisha. Skrini ikawaka kwa waya wa mashine, mashine haikuwaka kwa waya wa skrini. Kwa hiyo umeme ulikuwa unafika mpaka mgongoni mwa kompyuta. Hatukutumia hata shilingi moja kujua hilo.

Hapa kwenye soketi tukae kidogo, maana ndipo tunapoona makosa mengi. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tumezoea plagi ya miguu miwili ya mviringo. Hapa Uganda soketi zina matundu matatu ya pembe. Basi watu wanachukua kalamu au kijiti, wanakisukuma kwenye tundu la juu ili matundu mawili ya chini yafunguke, halafu wanashindilia plagi yao. Inaingia, ndiyo, lakini inacheza cheza, inatoa cheche, na mashine haina tena waya wa kuipeleka ardhini. Ukigusa bati lake vidole vinawashwa. Tafuteni adapta. Na ile plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndogo ndani yake. Fyuzi hiyo ikiungua, kompyuta nzima inaonekana maiti, na dawa yake ni fyuzi nyingine ya namba ile ile. Msifunge kipande cha waya mahali pa fyuzi. Mmeona nyumba zetu zilivyojengwa, na mnajua moto ukianza unavyokwenda.

Wale wa sola na inveta wana jambo lao. Inveta imeandikwa wati 150, betri imechoka, halafu unaiwekea mashine na skrini ile nene ya kizamani kwa pamoja. Feni itazunguka mara moja na kuzima. Kompyuta haina ubaya wowote hapo, ina njaa tu. Jaribu mchana jua likiwa kali, zima redio na taa, uone.

Tena angalieni mgongoni karibu na pale waya unapoingia. Mara nyingi kuna swichi yenye alama mbili, mstari na duara. Ikiwa upande wa duara, imezimwa. Na kwenye mashine nyingi za zamani kuna swichi nyingine ndogo, nyekundu, yenye namba 115 na 230. Umeme wa hapa ni volti 240, kwa hiyo swichi hiyo ikae kwenye 230. Kompyuta zinazotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115. Tunalijua hili vizuri kwa sababu sisi wenyewe, walimu, tuliua moja darasani. Tuliichomeka kwa furaha bila kuangalia, ikapiga mlio kama baruti, moshi ukatoka, wanafunzi wakakimbia. Mpaka leo wanatukumbusha.

Turudi kwa mama. Tulichomoa waya, tukashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, tukachomeka tena. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha. Kwa laptopu pia, kama betri inatoka, itoe, shikilia kitufe, halafu jaribu kwa chaja bila betri. Ya mama ilibaki kimya.

Tukachomoa tena na kufungua ubavu. Vumbi, na mende. Tulisafisha kwa brashi kavu ya rangi. Tulitazama zile kopo ndogo kwenye madabodi, maana katika kompyuta za miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi zilikuwa zinavimba kichwa na kuvuja. Zake zilikuwa bapa, safi. Hapo tukaanza kumtilia fundi shaka. Ndipo binti akakumbuka: jioni ya mvua ya radi, umeme wa laini ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na tangu saa ile kompyuta haikuwaka tena.

Umeme ukirudi namna hiyo, kinachopigwa kwanza mara nyingi ni pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Nacho hubadilishwa kwa bisibisi moja tu. Ila kisifunguliwe chenyewe! Ndani yake kunaweza kubaki umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Hatukifungui sisi, na nyinyi msikifungue.

Darasani tuna kompyuta moja ambayo bodi yake ilikufa zamani lakini pawa saplai yake ni nzima. Tukaiazima. Tukaunganisha plagi ile kubwa ya matundu 24, na za diski, tukabonyeza. Feni ikazunguka! Mama akapiga makofi. Skrini ikabaki nyeusi. Mama akakaa chini, akasema, "Si niliwaambia imekufa?"

Kusema kweli na sisi tuliogopa. Tukachomoa tena, mmoja wetu akainama na tochi ya simu, akaona plagi ndogo ya matundu 4 inaning'inia. Hiyo ndiyo inalisha prosesa. Bila hiyo feni zinazunguka tu bure. Tukaichomeka, na skrini ikaja na rangi zake.

Binti hakungoja. Alifungua folda yake, akainakili diploma kwenye flashi, akajitumia pia kwa barua pepe kwa simu ya mwalimu, ndipo akakumbuka kutusalimu.

Hatusemi fundi yule ni mwizi. Labda hakuwa na pawa saplai nyingine ya kujaribia. Lakini hata angekuwa amesema kweli juu ya madabodi, picha ile haikukaa kwenye madabodi. Ilikaa kwenye diski, kisanduku bapa kinachotoka kwa skrubu 4, na katika kompyuta za namna hii unaweza kukitia kwenye mashine nyingine na kusoma vitu vyako. Kwa ile 40,000 mama angekuwa ameuza vyuma pamoja na diploma ya mtoto wake. Kama ni lazima kuuza mashine iliyokufa, itoe diski kwanza ubaki nayo. Na karatasi zozote mlizozipiga picha, za ubatizo, za shule, za ardhi, zisikae mahali pamoja tu.

Mama alinunua pawa saplai ya mtumba kwa 35,000, nasi tukarudisha ya darasa. Maombi ya binti yamekwenda, jibu bado.

Wenye kompyuta zilizogoma, tupo darasani kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Njooni na waya wenu wenyewe, na kama mnakumbuka siku ilipozima palitokea nini, mtuambie hilo kwanza. Mkija na mashine ya mtu mwingine, aje na mwenyewe.