Vita vya Mashine na Mfuko wa Mnunuzi

Wazee husema: Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Neno hili lilitimia katika nyumba nyingi zilizonunua mashine za kutazamia sinema.

Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Betamax. Mwaka uliofuata JVC ikatoa VHS, na kanda ya hii haikuingia katika ile. Kanda ya kwanza ya Betamax ilidumu saa 1 tu. Ya VHS saa 2, ikatosha sinema nzima. Tena JVC iliviruhusu viwanda vingine kuiunda. Basi wanunuzi wakaifuata VHS, hata mwaka 1988 Sony yenyewe ikaanza kuiuza.

Mwaka 2006 vita vilirudi, safari hii kwa visahani: HD DVD ya Toshiba na Blu-ray ya Sony na wenzake. Wengine walinunua upesi. Wengine, wakiikumbuka Betamax, walifunga mifuko wakangoja. Februari 2008 Toshiba ikajitoa. Mashine zilikuwa nzima, lakini sinema mpya za kuzilisha zikakoma.

Nasi wa Likasi tujifunze. Baba atokaye kazini na mshahara wake, akitaka redio, simu au taa ya jua, asitazame uzuri peke yake. Akae kwanza na mama wa nyumba, waulizane: Vifaa vyake vyapatikana sokoni? Vyapatana na vya jirani? Fundi wetu aijua? Ada ya shule haingoji washindi wa vita vya wengine.