Padri anayeishi na viziwi: kazi yake ni gani, na inatuhusu namna gani sisi wa Mubi?

Huku Mubi habari nyingi zinapita kwa masikio: kengele ya misa, honi ya motari, tangazo la chanjo katika redio, mlio wa risasi usiku. Kwa mtu kiziwi, yote hayo yanapita pembeni. Yeye anaangalia wenzake. Wakipiga magoti, naye anapiga magoti. Wakikimbia, naye anakimbia, bila kujua wanakimbia nini.

Katika Kanisa Katoliki kuna mapadri, mabruda na masista ambao waliacha inchi zao na kwenda kuishi na viziwi wa inchi zingine. Watu wengi wanajiuliza: mmisionari kama huyo anafanya nini kutwa nzima? Anahubiri namna gani watu wasiosikia? Na kitubio je?

Anaanza kwa kuketi shuleni

Jambo la kwanza la kuelewa: lugha ya ishara haiko moja duniani. Ile ya Italia si ile ya Kenya, na ile ya Kenya si ile ya Uchina. Kila moja iko na maneno na sarufi yake, na uso pia unasema. Katika lugha nyingi za ishara, kuinua nyusi kunageuza sentensi kuwa swali. Ukisahau nyusi, umetoa habari badala ya kuuliza.

Kwa hiyo mmisionari anapofika, hata akiwa na diploma nyingi, anakuwa mwanafunzi. Walimu wake ni viziwi wenyewe. Pahali pengine mmisionari anafundisha wenyeji. Hapa wenyeji wanamfundisha kwanza, na kazi yote inategemea hapo.

Mfano unaojulikana sana ni Padri Cyril Axelrod. Alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1942, katika familia ya Kiyahudi, na alizaliwa kiziwi. Alisoma katika shule ya viziwi ya St Vincent, iliyoongozwa na masista Wadominiko. Nyuma aliingia Kanisa Katoliki, akapewa upadri mwaka 1970, kisha akajiunga na shirika la Waredemptori. Wakati wa ubaguzi wa rangi alihudumia viziwi weusi wa Soweto, ambao hawakuwa na mtu wengi wa kuwajali.

Mwisho wa miaka ya 1980 alienda mbali zaidi, Hong Kong na Macau. Huko alipaswa kuanza upya kujifunza ishara za watu wa huko. Wakati huohuo alikuwa na ugonjwa unaoitwa Usher, ambao unaungana na uziwi na unaondoa macho polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa haoni tena kabisa. Lakini hakuacha upadri. Mtu anayetaka kumwambia neno anafanya ishara, naye Padri Cyril anaziweka mikono yake juu ya mikono ya mtu huyo na kuzifuata kwa kugusa.

Siku yake inapita namna gani

Maisha ya kila siku kati ya viziwi yanatembea kwa macho, na mmisionari anabadilisha desturi zake zote. Kuamsha mtu, hagongi mlango. Anawasha na kuzima taa, ama anamgusa bega. Kuita mtu aliye mbali, anapunga mkono ama anapiga mguu chini ili mbao za sakafu zitikisike.

Misa nayo inageuka. Viti vinapangwa nusu duara ili kila mtu aone mikono ya padri na mikono ya wenzake. Padri hawezi kusimama na dirisha lenye mwanga mkali nyuma yake, juu uso wake utakuwa giza. Hawezi kusema akiwa ameshika kitabu kwa mikono miwili. Watu hawafumbi macho wakati wa sala, maana ukifumba macho umekosa sala yenyewe. Wimbo unaimbwa kwa mikono, kundi lote pamoja. Kanisa la Roma lilikubali ishara zitumiwe katika liturujia kwa ajili ya viziwi tangu mwaka 1965.

Kitubio ndicho kinahitaji akili zaidi. Sanduku lenye wavu halifai, juu lazima padri na muungamaji waonane. Lakini tena hawawezi kuketi mbele ya watu, maana kila kiziwi aliye karibu anaweza kusoma dhambi za mwenzake kutoka mbali, kama vile sisi tungesikia mtu akiungama kwa kipaza sauti. Basi wanatafuta chumba, ama kona ambayo mgongo unafunika mikono. Padri asipojua ishara, sheria ya Kanisa (kanuni ya 990) inaruhusu kutumia mkalimani, na mkalimani huyo naye anafungwa na siri. Lakini ni nani anafurahi kupitisha dhambi zake kwa mtu wa tatu? Hapo ndipo watu wanaona faida ya padri aliyejifunza.

Nyuma ya misa kazi haijaisha. Mgonjwa kiziwi amefika kwa daktari na hawezi kueleza maumivu yako wapi. Mmisionari anaenda naye. Mwingine ameshitakiwa na hajui ameshitakiwa juu ya nini. Kijana anataka kuoa, na lazima aelewe vizuri anakubali nini. Mangaribi, watu wanakawia kuachana. Wanasimama chini ya taa na kuendelea na masimulizi, maana kukiwa giza mazungumzo yamekufa.

Karibu na sisi

Huduma hii haiko mbali na Kivu. Masista Wasalesiani wa Mioyo Mitakatifu, shirika lililoanzishwa huko Lecce, Italia, na Padri Filippo Smaldone (1848–1923), wako na shule ya watoto viziwi mjini Kigali. Smaldone mwenyewe alitangazwa mtakatifu tarehe 15 Oktoba 2006.

Tena ishara ambazo viziwi wengi waliosoma hapa Kongo wanatumia zilitoka kwa mmisionari mwingine, Andrew Foster, Mmarekani mweusi. Yeye alikuwa Mprotestanti. Alipata uziwi akiwa na miaka 11 kwa sababu ya ugonjwa wa meninjiti. Mwaka 1957 alifika Ghana, na tangu hapo alifungua shule za viziwi karibu 30 katika inchi nyingi za Afrika, pamoja na Zaire ya wakati ule. Tarehe 3 Desemba 1987 alikufa katika ajali ya ndege huko Rwanda, karibu na Gisenyi, ng'ambo tu ya Goma.

Na huku kwetu?

Katika vijiji vyetu mtoto anaweza kupoteza masikio kwa meninjiti, surua, usaha wa masikio usiotunzwa, ama dawa kama kinini na jentamisini zikitolewa kupita kipimo. Kisha anaitwa « bubu » na anawekwa nyumbani. Anatumwa maji na kuni, lakini hakuna mtu anayempa lugha. Mtoto asiyepewa lugha yoyote mapema anabaki na akili nzima isiyo na mlango wa kutokea.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Vita ilipofika Walikale-centre mwezi Machi 2025, kila familia ilijua bei ya kuchelewa kusikia. Mtu anayeambiwa « simama! » kwenye barieri na haitiki anaweza kudhaniwa anakimbia. Msichana kiziwi aliyebakwa anaweza kukosa namna ya kusimulia, na mhalifu anajua hilo.

Kuna sheria. Ile ya tarehe 3 Mei 2022 (Sheria namba 22/003) inalinda haki za watu wenye ulemavu katika Kongo. Lakini sheria haifundishi ishara, na kungoja mmisionari kutoka ng'ambo kunaweza kuchukua miaka.

Kuna kazi ambayo haidai makuta mengi. Wazazi wanaweza kupatana na mtoto wao ishara za nyumbani: njaa, maumivu, hatari, kimbia, jificha, na jina la kila mtu wa jamaa. Jirani mmoja anaweza kupewa daraka la kumgusa bega wakati wa hatari. Mwalimu anaweza kumketisha mbele, na kusema akimwangalia uso. Parokia na makanisa mengine yanaweza kuandika majina ya viziwi walio katika kila mtaa, ili ijulikane wako wangapi na wanaishi wapi. Na kijana mmoja ama wawili wakitumwa kujifunza pahali penye shule ya viziwi, wakirudi watakuwa walimu wa wengine.

Mwenye kusoma habari hii na ambaye ana kiziwi nyumbani ama kwa jirani, amsimulie kwa mikono namna anavyoweza. Redio haitamfikia, wewe utamfikia.