Maziwa ya kopo na simu yako: jinsi matangazo yanavyomfikia mama

Ni saa tisa usiku. Mtoto wako ana wiki tatu. Amenyonya muda si mrefu, na sasa analia tena. Unashika simu na kuandika: "mtoto analia baada ya kunyonya". Kesho yake, ukifungua mtandao wa kijamii, unakutana na picha ya mtoto aliyelala fofofo, kopo la maziwa pembeni, na maneno yanayosema maziwa hayo humshibisha mtoto mwenye njaa.

Unaanza kujiuliza: huenda maziwa yangu hayatoshi?

Kabla ya kujibu swali hilo, ni vizuri kujua limetoka wapi.

Tangazo limejuaje kuwa una mtoto mchanga?

Mara nyingi wewe mwenyewe umelisema bila kukusudia. Ulipopakua programu ya ujauzito, uliulizwa tarehe ya kujifungua. Ulijiunga na kundi la akina mama, ukajaza fomu ili upate zawadi, au ulitafuta nguo za mtoto mtandaoni. Taarifa hizo hutumika kuamua ni matangazo gani uonyeshwe, na lini.

Si kila tangazo hufanana na tangazo. Linaweza kuwa ushauri wa mama maarufu aliyelipwa, au "mtaalamu" anayejibu maswali usiku kwa gharama ya kampuni.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walitoa ripoti iliyowahoji wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi nane, zikiwemo Nigeria, Moroko na Afrika Kusini. Zaidi ya nusu, asilimia 51, walisema wamefikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo. Ripoti nyingine ya WHO ya mwaka huohuo ilionyesha kuwa kurasa za kampuni hizo mitandaoni ziliweka machapisho takribani 90 kwa siku, na kuwafikia watumiaji milioni 229.

Jambo hili si geni

Katika miaka ya 1970, kampuni za maziwa ziliwatuma wanawake waliovaa kama wauguzi kwenye wodi za wazazi barani Afrika na Asia, wakigawa makopo ya bure. Kopo la bure lilipoisha, mara nyingi maziwa ya mama yalikuwa yamepungua. Familia isiyo na uwezo ilizidisha maji ili unga udumu, na mara nyingi maji yenyewe hayakuwa safi. Watoto waliharisha, walikonda, na wengi walifariki.

Mwaka 1977 watu nchini Marekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa zinazokataza kutangaza maziwa haya kwa umma, kuwapa akina mama sampuli za bure, na kuweka picha za watoto kwenye makopo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012, na Tanzania ina kanuni za mwaka 2013. Lakini simu haina mpaka. Tangazo lililokatazwa hapa linaweza kuwekwa mtandaoni kutoka nchi nyingine.

Je, maziwa yangu yanatosha?

Matangazo hulenga pale mama anapokuwa na wasiwasi: kilio, usingizi na shibe. Lakini mtoto mchanga hulia kwa sababu nyingi. Anaweza kuwa amechoka, ana joto, ana gesi, au anataka tu kubebwa. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama humeng'enywa haraka. Ndiyo maana hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Kuamka usiku ni kawaida yake.

Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Ukimpa kopo bila sababu, atanyonya kidogo, na titi litatengeneza kidogo. Hapo ndipo uongo wa tangazo unapogeuka kuwa kweli.

Kuanzia siku ya tano hivi, hizi ni dalili kuwa mtoto anapata maziwa ya kutosha:

- Anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mkojo hauna rangi kali.
- Unamsikia akimeza anaponyonya.
- Uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki. Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Wengi huurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili.

Mtoto akikojoa mara chache, akiwa mlegevu, akikataa kunyonya au akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Unachoweza kufanya

- Programu ikikuuliza tarehe ya kujifungua, jiulize nani anaimiliki na kwa nini anaitaka.
- Ukiona tangazo la maziwa ya kopo, bonyeza sehemu ya kulificha. Ukurasa ukikusumbua, uache.
- Ushauri ukiishia kwenye jina la bidhaa, tafuta ushauri mwingine.
- Ukiwa na shaka, mwombe mkunga au muuguzi aangalie jinsi mtoto anavyoshika titi. Mara nyingi kubadili mkao tu hutosha.
- Usinunue "maziwa ya kukuzia" ya mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu ya kopo lake. WHO inasema hayahitajiki. Kopo lake hufanana na la mtoto mchanga ili jina likukae kichwani.

Ikiwa unatumia maziwa ya kopo

Huna haja ya kuona aibu. Wapo akina mama wagonjwa, watoto waliofiwa na mama, na familia ambazo hazina njia nyingine. Kama una VVU, usiamue peke yako. Zungumza na kliniki yako, kwa kuwa akina mama wengi wanaotumia dawa vizuri hushauriwa kunyonyesha.

Unga wa kopo si lazima uwe hauna vijidudu. Chemsha maji, na uyatumie yakiwa bado ya moto, kabla hayajamaliza nusu saa. Pima kwa kijiko cha kopo hilo, usizidishe maji, kisha poza kabla ya kumnywesha. Kikombe kisafi ni rahisi kuosha kuliko chupa. Yaliyobaki baada ya saa mbili, mwaga.

Uamuzi wa kumlisha mtoto ni wako. Ufanye ukiwa na mtu anayemwona mtoto wako, si kampuni inayoiona simu yako tu.