Chumba Kimoja, Watu Wawili: Kupanga na Kupamba Nyumba Bila Kuingia Deni

Mwisho wa mwezi ukifika, mfanyakazi wa Kamenge hulipa kodi ya nyumba, hulipa deni la dukani, hununua maharage, unga na makaa, na kinachobaki anakijua mwenyewe. Ukimwambia mtu huyo apambe nyumba yake atacheka. Atasema mapambo ni mambo ya watu wa Rohero na Kiriri.

Makala haya yanataka kuonyesha kwamba sivyo. Nyumba ya mfanyakazi inaweza kuwa na nafasi na kupendeza kwa fedha kidogo, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, mume na mke wakubaliane. La pili, waanze kwa kutoa vitu kabla ya kununua vingine.

KWA NINI NYUMBA ZETU ZINAJAA

Tusiwacheke wenzetu wanaorundika vitu. Watu wa Kamenge wana sababu. Wakati wa Wabelgiji, ofisi iliyoitwa OCAF ilijenga nyumba za wafanyakazi pale Ngagara, jirani zetu. Kamenge wengi walijijengea wenyewe, tofali moja moja. Kisha vita vilivyoanza mwaka 1993 vikaufikia mtaa huu. Mwaka 1995 watu walikimbia na nyumba nyingi zikabomolewa. Waliorudi walianza tena, wengine kwa sufuria moja. Mtu aliyepoteza kila kitu siku moja hatupi hata msumari uliopinda. Na watoto wake wamejifunza kwake.

Lakini tuulizane: vitu hivyo vinatulinda? Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka kaskazini mwa Bujumbura. Kamenge na Kinama zilipata maji ya kutisha, na watu zaidi ya 60 walikufa. Maji yakiingia usiku, mwenye njia nyeupe kutoka kitandani hadi mlangoni huwatoa watoto upesi. Mwenye madumu, viti vilivyovunjika na magunia njiani hujikwaa gizani. Basi kupunguza vitu ni jambo la usalama kabla halijawa jambo la urembo. Tena panya na mbu hupenda rundo lisiloguswa, na chandarua hakitandazwi vizuri juu ya kitanda kilichozungukwa na mizigo.

KWANZA, WATU WAWILI WAZUNGUMZE

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hapa. Siku moja ya mapumziko, mke wangu akiwa sokoni, nilitoa nje vyungu viwili vya zamani nikampa mtu anayepita. Nilidhani nimesaidia. Aliporudi aliniuliza, "Baba watoto, vile vyungu nilipewa na nani?" Vilikuwa vya marehemu mama yake. Wakati huo huo redio yangu iliyokufa miaka sita ilikuwa bado juu ya kabati, na mimi sikuiona kuwa uchafu. Tuliishi wiki nzima bila maneno mengi.

Tangu hapo tulijiwekea kanuni tatu, nazo nawapa wasomaji bure.

1. Kila mtu hutoa vitu vyake mwenyewe. Hakuna anayemtolea mwenzake.

2. Kitu cha wote wawili hakitoki mpaka wote wawili wakubali. Mmoja akikataa, kinakaa mpaka mwisho wa msimu wa mvua, halafu mnakizungumzia tena.

3. Kila mmoja ana sanduku moja la kumbukumbu lisiloguswa. Likijaa, yeye mwenyewe huchagua kipi kibaki.

Mtaona kwamba baada ya kanuni hizi ugomvi unapungua, kwa sababu hakuna anayeogopa kuibiwa ndani ya nyumba yake. Mimi redio niliiuza kwa fundi kwa vipuri. Nilipata fedha ya kununua chokaa.

PILI, MAFUNGU MANNE

Chagueni siku isiyo na mvua. Toeni vitu vya chumba kimoja nje, vyote, hata vilivyo chini ya kitanda. Fagieni chumba kikiwa kitupu na mtazame ukubwa wake halisi. Wengi hushangaa. Kisha gaweni vitu katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vinavyotumika kila wiki. Hivi ndivyo vyenye haki ya kurudi ndani kwanza, tena mahali pa karibu na mkono.

Fungu la pili ni vinavyotumika mara chache lakini ni lazima: nguo za sherehe, blanketi la wageni, jembe. Hivi huwekwa juu au chini ya kitanda. Inueni kitanda kwa matofali chini ya kila mguu, nanyi mtapata ghala bila kujenga ukuta. Magunia ya maharage yasiguse sakafu wala ukuta. Yawekeni juu ya mbao ili unyevu usipande.

Fungu la tatu ni vya kuuza, kutengeneza au kumpa mtu. Wekeni tarehe. Kisipotengenezwa ndani ya mwezi mmoja, kinaondoka. Nguo za mtoto aliyekua zinamsubiri mtoto wa jirani.

Fungu la nne ni taka.

Karatasi zina hukumu yake peke yake. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na ndoa, mkataba wa kazi, karatasi za mshahara, karatasi za INSS na risiti za kodi ya nyumba viwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki mzito uliofungwa vizuri, utundikwe juu, mahali ambapo wote wawili wanapajua. Wafanyakazi wangapi wamekosa haki ya pensheni kwa sababu karatasi ililiwa na mchwa! Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena tahadhari mbili kwa walio viwandani na mashambani. Nguo ya kazi yenye mafuta, rangi au dawa ipewe msumari wake karibu na mlango, na ifuliwe mbali na nguo za watoto. Na dumu lililobeba dawa ya mimea, hata likioshwa mara kumi, lisiwekewe maji ya kunywa wala mafuta ya kula. Wenzetu wa chai kule Teza na Rwegura, na wa miwa kule Moso, watoeni watu katika tabia hiyo. Dumu hilo si la kupewa jirani. Litobolewe lisitumike tena, kisha lirudishwe kwa msimamizi wa dawa.

TATU, UKUTA NDIO PAMBO LA KWANZA

Wazee wetu walijua kupanga. Katika nyumba ya Kirundi ya zamani vyombo vya maziwa vilikuwa na jukwaa lake, uruhimbi, na hakuna aliyeweka jembe pale. Kule Lamu, katika pwani ya Kenya, nyumba za mawe zina zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, ambamo huwekwa vyombo na vitabu. Pambo lenyewe ni ukuta uliopangwa. Sisi hatuna mawe ya Lamu, lakini ubao mmoja juu ya vyuma viwili vilivyopigiliwa vizuri hufanya kazi ile ile.

Kabla ya ubao, pakeni chokaa. Hakuna rangi ya bei nafuu kuishinda, na chumba chenye dirisha dogo huonekana kikubwa maradufu. Njia ni hii:

Nunueni chokaa iliyokwisha zimwa, ya mfuko. Chokaa mbichi huchemka ikikutana na maji na inaweza kupofusha jicho. Loweka jioni katika ndoo, ulale. Asubuhi chuja kwa kitambaa, tia chumvi glasi moja kwa ndoo ili ishike, na uongeze maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ziba nyufa kwanza kwa udongo na mchanga, acha zikauke. Lowesha ukuta kidogo, kisha paka tabaka nyembamba. Ikiwa mbichi haionekani nyeupe. Usiongeze unene kwa haraka. Ikikauka, paka ya pili, na ya tatu ikihitajika. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Kazi hii ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Agosti, na watoto wakae mbali na ndoo.

Sehemu ya chini ya ukuta, kama mita moja, ipakwe rangi nyeusi zaidi, hata ya udongo mwekundu. Hapo ndipo migongo na mikono ya watoto hugusa.

Mpangaji asipake kabla ya kusema na mwenye nyumba. Mkubaliane kwa maandishi kwamba gharama ya chokaa na saruji itakatwa katika kodi. Wako waliopendezesha chumba kwa jasho lao, na mwezi uliofuata kodi ikapandishwa kwa sababu chumba kimependeza.

Baada ya ukuta, mambo madogo. Kioo kiwe mkabala wa dirisha ili kirudishe mwanga. Rido ya kitenge igawe sehemu ya kulala na ya kukaa. Kipande kimoja cha rangi moja ni bora kuliko vinne vinavyogombana. Mkeka mzuri au kikapu cha mkono wa mama mzazi kipewe ukuta wake peke yake, kionekane. Imbabura isiingizwe ndani ikiwa na moto, hata usiku wa baridi: hewa ya makaa haina harufu, na imeua familia nzima zikiwa usingizini.

NNE, VITI NA DENI

Hapa ndipo ndoa nyingi za wafanyakazi hujeruhiwa. Mwenzetu mmoja alichukua saloni nzima kwa mkopo, viti vikubwa vya sponji na meza ya kioo. Ilipoingia, mlango ukawa unafunguka nusu. Watoto walikula nje, kwa kuwa viti vilikuwa vya wageni. Mwezi wa nne akashindwa kulipa, mwenye mali akaja na mkokoteni mchana, majirani wakitazama. Mke wake hakuulizwa siku ya kukopa, lakini aibu aliibeba yeye.

Pimeni chumba kwa kamba kabla ya kwenda kwa seremala. Benchi lenye mfuniko, ambalo ndani yake hukaa blanketi, linafaa kuliko viti vitatu. Na anayetaka mbao za makasha ya kiwandani aombe kibali cha maandishi. Asitoke langoni na ubao bila karatasi. Watu wamefukuzwa kazi kwa ubao mmoja.

Badala ya mkopo kuna upatu, tunaouita ikirimba. Kwa mfano, watu 10 wakichanga faranga 5,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupata 50,000. Lakini tukumbuke kwamba bei zinapanda. Mwezi Mei 2023 faranga yetu ilishushwa thamani kwa kiasi kikubwa, na bei za vitu madukani zikapaa. Anayepokea mwezi wa kumi hupata idadi ile ile ya noti, lakini ananunua kidogo kuliko aliyetangulia. Basi zamu zibadilishwe kila mzunguko, na fedha ikipokewa igeuzwe siku hiyo hiyo kuwa mbao, saruji au godoro. Mume na mke waandike mapema kitakachonunuliwa, ili noti zisipotee njiani.

MWISHO

Ndugu wafanyakazi, isije ikasemwa kwamba chama kinawafundisha watu kuridhika na kidogo. Kima cha chini cha mshahara mjini Bujumbura kiliwekwa mwaka 1988 kuwa faranga 160 kwa siku, na mashambani 105, na kwa zaidi ya miaka 30 hakikubadilishwa. Wakati ule faranga 160 zilizidi dola moja. Baada ya Mei 2023 hazifiki hata senti 10 za dola. Mwaka 1961 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo Na. 115 kuhusu makazi ya wafanyakazi, likitaka makazi hayo yawe ya heshima, na gharama yake isizidi sehemu ya haki ya mapato ya mtu. Chokaa haiwezi kuchukua nafasi ya mshahara wa haki. Madai hayo tutaendelea kuyapeleka mezani.

Lakini wakati tunadai, tunaishi. Watoto wanasoma katika chumba hicho hicho, na mgonjwa analala humo. Jumapili hii anzeni na kona moja tu, ile iliyo chini ya kitanda. Kaeni wawili, kila mmoja na sanduku lake, na kila kitu kiulizwe kazi yake. Mke wangu bado hana vyungu vya mama yake. Ana ubao wake ukutani, nami siwekei kitu juu yake bila kumwuliza.