Babu Aliyejifuta Katika Karatasi Zangu

Babu yangu alizaliwa katika uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini ya Msumbiji, akazikwa Msambweni, Kwale. Baina ya hapo alifanya kazi Kenya zaidi ya nusu karne bila kuhesabiwa kuwa raia wa nchi yoyote. Majirani humkumbuka kwa vinyago vyake. Mimi namkumbuka zaidi kwa jambo ambalo halionekani ukutani wala sebuleni: alikubali jina lake lisiwepo kwenye karatasi zangu, ili nipate kusoma.

Babu alikuwa Mmakonde, na kilichowatoa Wamakonde kwao ni pamba. Kuanzia 1938 utawala wa Wareno uliwalazimisha wakulima wa kaskazini walime pamba na kuiuza kwa bei ambayo hawakuipanga wao, huku mashamba ya mtama na muhogo yakikosa wa kuyapalilia. Aliyeshindwa kulipa kodi alipelekwa shokoa. Vijana wakawa wanavuka mto Ruvuma, wanaingia Newala na Mtwara, na huko wanaandikishwa umanamba wa mashamba ya mkonge Tanganyika. Wengine walisonga mbele hadi Kenya, kwenye mkonge wa Taita na Kilifi na miwa ya Ramisi. Babu alikuwa katika hao.

Kazi ya mkonge alinisimulia mara nyingi, na kila mara aliisimulia kwa mikono. Majani hukatwa, hufungwa thelathini thelathini, na mkataji hulipwa kwa mafungu, hata kama jua limemshinda. Utomvu wake unawasha hadi usiku. Ncha ya jani ina mwiba mgumu, na wapo waliopoteza jicho kwa kuinama vibaya. Yeye alibaki na kovu juu ya nyusi, akishukuru Mungu kwamba liliishia hapo.

Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Habari zilimfikia babu huko Ramisi, kwa vinywa vya wageni wapya. Bibi alisema tangu siku ile hakutaja tena kurudi. Miaka minne baadaye vita vya ukombozi vikaanza, na Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 alikuwa tayari na watoto waliojua Kidigo na Kiswahili kuliko Kimakonde.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa, mwishoni mwa miaka ya 1980, alirudia kazi aliyofundishwa na baba yake. Mpingo kwa nje ni mweupe. Ukiufikia moyo wake, ni mweusi tititi. Babu alianza na tezo, akafuata patasi, akamaliza kwa msasa na nta. Kwenye mgongo wa kila kinyago aliacha kipande kidogo cha ule weupe, na hakupenda mtu amwambie akiondoe. Wazungu wa Diani walivinunua, ila babu hakuwahi kuuza mwenyewe. Leseni ya biashara ilihitaji kitambulisho, naye hakuwa nacho, basi dalali alikuja na baiskeli, akachukua vinyago na sehemu kubwa ya fedha.

Kitambulisho. Msomaji aliyekipata akiwa na miaka kumi na minane anaweza asijue uzito wake. Bila hicho huna akaunti benki, huna laini ya simu kwa jina lako, huna hati ya shamba unalolilima, na askari kizuizini anakushusha kwenye matatu. Babu alikuwa na chale usoni, zile za mistari za Wamakonde wa zamani. Uso wake ulimtangaza kabla hajafungua kinywa. Kwa miaka mingi hakuvuka kivuko cha Likoni.

Ndipo tulipozaliwa sisi wajukuu, na shule ikataka cheti cha kuzaliwa. Babu alikwenda kwa rafiki yake, mzee wa Kidigo aliyekuwa akivua naye samaki, akamwomba niandikwe mtoto wa nyumba yake. Yule mzee hakuuliza swali hata moja. Kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni mjukuu wa mtu mwingine, na baba yangu mzazi hayumo. Watoto wengi wa Kimakonde tumesoma hivyo. Babu, aliyeniita mke wangu kama babu wote wa pwani, aliniweka chini akaniambia: "Jina hilo ni sare ya shule, mke wangu. Ukifika nyumbani uivue." Alisema huku akinitazama usoni, na nikaona kwamba linamuuma.

Sheria ya uraia ya 2011 ilifungua mlango kwa wasio na utaifa walioishi Kenya tangu uhuru wa Desemba 1963, na kwa vizazi vyao. Ilitoa miaka mitano. Miaka hiyo ikayoyoma, na Wamakonde wengi bado walikuwa mikono mitupu. Oktoba 2016 mamia wakaanza safari kutoka Kwale kwenda Nairobi, kwa miguu, askari wakijaribu kuwazuia njiani. Babu alikuwa mzee mno. Alibaki na redio sikioni. Walipofika, Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaomba radhi, akaagiza vitambulisho vitolewe kabla ya Desemba. Mapema 2017 Wamakonde walitangazwa kabila la 43 la Kenya. Washona walifuata 2020, Wapemba 2023.

Babu alipopata kitambulisho chake, hakukimbilia benki. Alimpitia rafiki yake, wakaenda wote wawili kuuliza itakuwaje majina ya wajukuu yarudi. Jibu halikuwa jepesi. Vyeti vyangu vyote, kuanzia darasa la nane hadi chuo, vina jina lile, na kubadilisha kimoja ni kubadilisha vyote. Nimebaki nalo. Hata taarifa ya kifo cha babu niliitia sahihi kwa jina ambalo si la ukoo wake, na karani akataka maelezo.

Binamu zangu wadogo wameamua kurekebisha majina yao. Kunahitajika hati ya kiapo, na mtu wa kuthibitisha kilichotokea. Yule mzee wa Kidigo bado yu hai, miguu imechoka, lakini akiitwa kutoa ushahidi kwamba mtoto fulani si wake, anavaa kanzu anakwenda.