Karatasi ya maandazi na ndoto ya kutoonekana

Andazi likitoka kwenye karai na kufungwa katika karatasi nyeupe, dakika chache tu karatasi inaingia madoa ya mafuta. Karatasi hiyo ikiinuliwa dirishani, sehemu kavu inazuia mwanga, lakini penye doa mwanga unapenya, hata kivuli cha kidole kilicho upande wa pili kinaonekana. Karatasi ni nyuzi nyingi zenye hewa katikati. Kila mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye uzi hupinda, ukitoka hupinda tena, mwisho unatawanyika huku na huko. Ndiyo maana karatasi ni nyeupe. Mafuta yakijaza nafasi za hewa, huupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha nyuzi, basi unapita bila kutawanyika sana.

Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitumia mfano huohuo wa karatasi yenye mafuta katika riwaya yake ya mwaka 1897 kuhusu mtu asiyeonekana. Mhusika wake, mwanasayansi Griffin, anaubadili mwili wake uupinde mwanga sawasawa na hewa, naye anatoweka. Hoja hiyo ina mashiko. Kijiti cha kioo cha Pyrex kikitumbukizwa kwenye mafuta ya kupikia hupotea machoni, ingawa mkono unakigusa, kwa sababu kioo hicho na mafuta huupinda mwanga karibu sawa.

Kasoro iko jichoni. Ili mtu aone, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, ni lazima iunase mwanga. Mwili unaopitisha mwanga wote haunasi chochote. Griffin angekuwa kipofu tangu dakika ya kwanza ya ushindi wake.

Wanafizikia wa karne hii walishika njia nyingine: kuuacha mwili ulivyo na kuuzungusha mwanga pembeni yake, kama maji ya mto yanavyolipita jiwe na kukutana tena mbele. Mwaka 2006 John Pendry wa Imperial College London, pamoja na David Schurig na David Smith wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwa hesabu kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka huohuo kifaa kikaundwa Duke: pete zilizopangwa moja ndani ya nyingine, zenye vipande vidogo vya shaba, na katikati yake silinda ya shaba. Mawimbi ya maikrowevu yaliizunguka silinda hiyo na kuendelea na safari, yakiacha kivuli hafifu tu.

Habari zikaenea kwamba joho la kutoonekana limepatikana. Halikupatikana. Mawimbi yale yana urefu wa sentimeta kadhaa, na jicho la mtu haliyaoni kabisa. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanometa 400 hadi 700, hivyo vipande vya kuupinda vingepaswa kuwa vidogo kuliko hapo, tena kila rangi inataka kipimo chake. Zaidi ya hayo kuna suala la muda. Mwanga unaozunguka hupita njia ndefu kuliko unaokwenda moja kwa moja, lakini lazima ufike upande wa pili kwa wakati uleule, la sivyo siri inafichuka. Mwaka 2016 Francesco Monticone na Andrea Alù walikokotoa mipaka hiyo. Antena inaweza kufichwa dhidi ya mawimbi ya redio. Mwili mzima wa mtu kufichwa dhidi ya rangi zote za mwanga, kwa joho lisilo na chanzo chake cha nishati, haiwezekani.

Mengine yaliyosifiwa ni kiinimacho cha hali ya juu. Koti la Susumu Tachi wa Tokyo, lililovuma mwaka 2003, lilirushiwa kwa projekta picha ya kilichokuwa nyuma ya mvaaji, na mtazamaji alitakiwa akae mahali maalumu.

Waliokaribia zaidi ni wanyama. Chura wa kioo wa Amerika ya Kati na Kusini, akilala mchana juu ya jani, huondoa karibu asilimia 89 ya chembe nyekundu za damu kwenye mzunguko na kuzirundika ndani ya ini. Mwili wake unabaki angavu. Akiamka, damu inarudi mishipani bila kuganda. Utafiti wa mwaka 2022 uliogundua hayo unawagusa madaktari moja kwa moja, maana kwa binadamu chembe zikirundikana hivyo, hatari ya damu kuganda ni kubwa.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwemo Zihao Ou na Guosong Hong, waliirudia siri ya karatasi ya maandazi, safari hii kwenye ngozi. Ngozi huzuia mwanga kwa kuwa maji yaliyomo huupinda kidogo, huku mafuta na protini vikiupinda zaidi. Wakachukua tartrazini, rangi ya njano inayotiwa kwenye soda na vitafunwa, wakaiyeyusha majini na kuwapaka panya walio hai. Rangi iliyapa maji nguvu ya kuupinda mwanga karibu sawa na mafuta. Baada ya dakika chache ngozi ya tumbo ikawa angavu, utumbo ukaonekana ukijongea. Juu ya kichwa, mishipa ya damu ya ubongo. Wakaosha, ngozi ikarudi kama kawaida.

Hapo ndipo faida ya kweli ilipo. Muuguzi anayehangaika kuupata mshipa wa mgonjwa, au daktari anayefuatilia uvimbe chini ya ngozi, anahitaji njia ya kuona ndani zaidi kuliko askari anavyohitaji joho. Lakini jaribio lile lilifanywa kwa panya, na ngozi ya binadamu ni nene kuliko ya panya mara kadhaa. Rangi ya chakula iliyopo nyumbani basi ibaki jikoni. Mzazi asiichanganye na maji akampaka mtoto ngozini ili aone yaliyomo.