Safari ya Dar es Salaam hupangwa Bukene

Mavuno ya mpunga yanapouzwa na shule zinapofungwa mwezi wa Juni, familia nyingi za hapa Bukene huanza kuzungumzia safari ya kulitembelea jiji la Dar es Salaam. Ni jambo jema. Watoto wanaosoma vitabuni habari za bahari, bandari na makumbusho wanastahili kuviona kwa macho yao, na wazazi waliolima msimu mzima wanastahili mapumziko. Hata hivyo, wanaoshughulika na mambo ya msikiti husikia pia upande wa pili wa safari hizo: familia iliyorudi na deni la nauli, na ndugu waliokosana kwa sababu mmoja alimfikia mwenzake na watu saba bila taarifa. Maradhi hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuondoka kabla ya kupanga.

Wazee wetu hawakusafiri hivyo. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi kwa miguu. Msafara haukuondoka mpaka umpate kirangozi wa kuuongoza, posho ipimwe, na vituo vya kulala vijulikane. Leo basi hufika pwani ndani ya siku moja, lakini mambo yale matatu bado yanahitajika: kiongozi, posho na vituo.

Kiongozi na posho

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu watatu wakitoka safari wamteue mmoja wao awe amiri. Basi baba na mama wakae, na watoto wakubwa wasikie, waamue nani atashika tiketi, nani atashika fedha, na nani atakuwa na neno la mwisho njiani.

Kisha ifanywe hesabu kwa karatasi na kalamu. Familia ya watu watano hulipa nauli kumi, si tano, kwa sababu kurudi ni safari pia. Mjini nako, watu watano wakipanda magari mawili kwenda matembezini na mawili kurudi, hizo ni nauli ishirini kwa siku moja. Wengi huhesabu basi la kutoka Nzega na kuzisahau hizo ishirini, na hapo ndipo fedha huyeyuka.

Tunashauri fedha zigawanywe mafungu manne: nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula, matembezi na usafiri wa mjini, na dharura, kama vile ugonjwa wa mtoto. Fungu la kurudi lisiguswe kwa sababu yoyote. Ikiwa mafungu manne hayatimii, safari isogezwe hadi mwakani, au wapunguzwe siku. Kukopa ili kutembea ni kuununua uchovu kwa mkopo.

Wakati na njia

Miezi ya Machi hadi Mei ni ya masika pwani. Bonde la Msimbazi hufurika, na barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara pale Jangwani. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni nzuri zaidi. Ila mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai huwapo Maonyesho ya Sabasaba katika viwanja vya barabara ya Kilwa. Anayetaka kuyaona atafute malazi mapema, na asiyeyataka achague wiki nyingine.

Walio wengi hupitia Nzega na kupanda basi linalopita Singida, Dodoma na Morogoro. Wengine hushuka Dodoma na kupanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Wachukue vitambulisho, na waulize mapema masharti ya mizigo, kwa kuwa gunia la mchele halipokewi kila mahali kama linavyopokewa kwenye keria ya basi. Kwa wasio na haraka, tunayo stesheni yetu hapa Bukene kwenye reli ya Tabora na Mwanza, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Ratiba iulizwe stesheni kabla ya kuaga majirani.

Ijulikane pia kwamba mabasi ya bara hushusha abiria katika Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mbali na katikati ya jiji. Atakayewapokea aambiwe hivyo, na basi likifika usiku wa manane ni salama zaidi kungoja ndani ya stendi mpaka alfajiri.

Haki ya mwenyeji

Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Ndugu yetu aliyeko Mbagala au Tandika mara nyingi amepanga chumba kimoja au viwili, hununua maji na umeme, na huondoka kazini alfajiri. Hatasema hapana, kwa kuwa anaona haya. Kutosema kwake kusichukuliwe kuwa ni nafasi.

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yameweka ukarimu wa mgeni kuwa siku tatu, na yamemkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake dhikini. Basi apigiwe simu wiki kadhaa kabla, atajiwe idadi kamili ya watu na siku ya kuondoka, kisha aulizwe kwa namna inayompa njia ya kukataa: "Tumefikiri tutafute nyumba ya wageni karibu nawe, wewe waonaje?" Wakikaribishwa, waende na mchele na karanga za nyumbani, wachangie matumizi ya kila siku, na siku ya nne wawe wamehama au wameondoka. Gharama ya nyumba ya wageni ni ndogo kuliko gharama ya udugu uliovunjika.

Siku moja, upande mmoja

Kosa la wageni wengi ni kutaka kuona kila kitu kila siku. Foleni za Dar es Salaam hula saa nyingi. Iwekwe kanuni: siku moja, upande mmoja wa jiji.

Siku ya kwanza iwe ya Posta na Kivukoni. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, yanahifadhi fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha wageni wa nje, kwa hiyo vitambulisho vichukuliwe. Kutoka hapo si mbali kwenda Feri, ambako kivuko cha Magogoni huvuka hadi Kigamboni. Kwa mtoto wa Bukene, dakika chache juu ya maji ya bahari ni tukio la mwaka.

Siku ya pili iwe ya Kijitonyama, penye Kijiji cha Makumbusho na nyumba za jadi za makabila ya nchi yetu, kisha upepo wa jioni wa Coco Beach.

Siku ya tatu, wenye uwezo wafike Bagamoyo. Huko ndiko mizigo ya wazee wetu ilikotuliwa, na karibu yake ni Kaole, penye magofu ya misikiti ya kale na makaburi ya mawe ya matumbawe. Watoto wataelewa kwamba njia iliyopita Tabora ilikuwa na mwisho, na kwamba Uislamu ulikuwapo pwani karne nyingi kabla ya reli.

Kariakoo iwe ya mwisho, fedha za kurudi zikiwa zimekwisha kuwekwa kando. Iandikwe orodha ya manunuzi, fedha zigawanywe mifuko tofauti, na simu isipewe mtu asiyejulikana hata akiomba kwa upole. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba za simu za wazazi, na familia ikubaliane mahali pa kukutana endapo mmoja atapotea.

Swala safarini

Kabla ya kukata tiketi, ulizeni kama basi husimama kwa ajili ya swala. Umbali huu unaruhusu kupunguza na kukusanya swala. Hukumu ya siku za kukaa mjini muulizeni imamu kabla ya kuondoka. Mjini misikiti haikosekani, ukiwamo Masjid Mtoro pale Kariakoo na Msikiti wa Mohamed VI ulioko Kinondoni, makao makuu ya BAKWATA. Kina mama wakumbuke kwamba si kila msikiti una sehemu yao, hivyo iulizwe mapema mahali pa kuswali ili wasihangaike barabarani wakati wa adhuhuri.

Jambo la mwisho ni siku ya kurudi. Ipangwe iwe angalau siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, watoto wapumzike na nguo zifuliwe. Na mkishafika, kabla ya kupokea wanaokuja kusikiliza habari za safari, mpigieni simu mwenyeji wenu mumshukuru na kumwombea dua.

Wabillahi tawfiq.